Mafuta ya Mena

Saholy, mpandishaji wa ng'ombe kwa mbegu za chupa, alivua koti lake la mvua, akavaa glavu ya plastiki inayofika begani, akaingiza mkono wote nyuma ya mtamba, kisha akafumba macho kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko wenye vitu vingi. Watu walikuwa wameegemea ukuta wa udongo wakimtazama. Hawakuwa na kazi yoyote pale. Ila mtamba wa Mzee Rafaralahy alikuwa kitu cha kutazamwa, na mpandishaji aliyekuja kwa pikipiki kutoka Betafo naye alikuwa kitu cha kutazamwa, kwa hiyo wakiwa pamoja hakuna aliyetaka kukosa.

"Unatafuta nini humo muda wote huo, binti yangu?" aliuliza Rafaralahy.

"Vifuko vya mayai, mzee."

"Kwani havipo?"

"Vipo, lakini vimezama. Sijawahi kukutana na mtamba mwenye mafuta kiasi hiki."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Rafaralahy akaivuta shuka yake vizuri begani na kutabasamu. Maskini ya Mungu, alidhani anasifiwa. Na ungemlaumu vipi? Katika vilima vile neno mafuta halijapata kuwa tusi. Hata karamu kubwa kuliko zote, ile ya kuwatoa wazee kaburini na kuwavisha sanda mpya, chakula chake kinaitwa wali wa mafuta mengi, na mwenyeji atakayewapa wageni nyama kavu atasemwa mpaka azeeke. Na katika mambo ya mafuta, kuanzia pale mpaka barabara kuu, bingwa alikuwa Rafaralahy.

Kazi yake aliirithi kwa baba yake, pamoja na shimo. Shimo lenyewe lilikuwa mbele ya nyumba, limejengewa mawe, refu la kumfikia ng'ombe kifuani na jembamba la kumnyima nafasi ya kugeuka. Maksai aliingizwa humo akiwa mbavu nje, akasimama miezi bila kutembea hata hatua, akiletewa makopa ya muhogo, viazi vitamu, pumba za mpunga na majani mabichi mpaka puani. Alipotolewa alikuwa hawezi kupita mlango aliouingilia, ikabidi mawe mawili yang'olewe. Rafaralahy alikuwa akiyang'oa mawe hayo polepole, watu wakihesabu kwa sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake duniani.

Basi binti yake Vololona, aliyeolewa mjini Antsirabe kwa watu wa maziwa, alipomletea mama yake mtamba mwekundu wa mbegu ya kizungu, Rafaralahy hakufikiri mara mbili. Alimtia shimoni.

"Mzee," Saholy alisema, akiuvua mkono wake taratibu, "leo sipandishi."

"Hupandishi? Lakini ana joto la kutaka dume. Tangu alfajiri analia."

"Joto analo. Nimempandisha mara mbili, na mara zote mbili joto limerudi. Mbegu ni nzuri, ng'ombe wa jirani zako wote wameshika. Shida ni yai la huyu. Halipevuki. Linatoka bichi, na yai bichi halishiki mimba."

"Libaki bichi kwa nini? Mimi namlisha kuliko nilivyomlisha mwanangu."

"Ndiyo sababu."

Rafaralahy akawatazama watu ukutani, kama atapata mmoja wa kucheka naye. Wote walikuwa wamemkodolea macho Saholy.

"Sikiliza, babu," alisema Saholy, sasa kwa upole, akiuosha mkono kwenye ndoo. "Mafuta si mzigo tu ambao ng'ombe ameubeba. Yanafanya kazi. Yanatengeneza homoni, yanaziachia kwenye damu, zinakwenda mpaka kwenye yai na kuliambia kama mama ana akiba au hana. Ng'ombe akikonda sana, hakuna habari inayofika, yai linalala. Habari zikija kwa kadiri, yai linapevuka vizuri. Sasa huyu wako, habari zinakuja kwa fujo, mchana na usiku, zote zinapiga kelele pamoja. Yai linachanganyikiwa."

"Kwa hiyo mafuta yanasema."

"Tuseme yanasema."

"Nimeishi na mafuta tangu nimeota meno," alisema Rafaralahy, "sijayasikia hata yakinong'ona."

"Wewe ulikuwa unanenepesha maksai, babu. Wamehasiwa. Yangesema na nani?"

Hapo ukuta mzima uliangua kicheko. Rafaralahy alikuwa amezoea kuchekwa na kucheka, lakini kicheko kile kilikuwa cha aina nyingine, na alikihisi mpaka kwenye masikio. Aliinama, akaokota kamba ambayo haikuwa imeanguka popote pa maana, akaanza kuikunja.

"Mtoe shimoni," Saholy alisema akifunga sanduku lake nyuma ya pikipiki. "Makopa basi, pumba basi. Majani na maji tu. Na atembee kila siku, mlimani na kurudi. Usimkatie chakula kwa ghafula, utamuua. Punguza. Ukiweza kuzihesabu mbavu mbili za mwisho ukiwa umesimama mbali, nipigie simu."

"Nizihesabu mbavu?" alisema Rafaralahy. "Mbavu za ng'ombe wangu?"

"Ng'ombe wa Mama Vololona," alisema Saholy, na kuwasha pikipiki.

*

Kweli, ng'ombe alikuwa wa Bakoly. Hilo lilikuwa limesahaulika kidogo.

Bakoly alikuwa mkewe, mwanamke mfupi mwenye macho mekundu. Wekundu ule ulikuwa wa moshi. Kila siku aliamka jogoo wakiwa bado wamelala, akawasha kuni, akainamia chuma chenye vishimo na kupika vitumbua vya mchele, kisha akavipeleka njia panda kuuza kabla watoto hawajaenda shule. Miaka yote ile ya moshi ilikuwa imemwachia kikohozi na macho yale. Vololona alipoleta mtamba alisema maneno mafupi: mama, huyu akizaa, gari la maziwa linapita njia panda kila asubuhi, na wewe utalala mpaka jua litoke. Bakoly hakuomba kitu kingine chochote. Alimpa mtamba jina la Mena, yaani mwekundu, akampiga brashi, akamkabidhi mumewe kwa sababu mumewe ndiye aliyejua ng'ombe. Baada ya miezi miwili ya shimo majirani walikuwa wameongeza silabi moja kwenye jina. Mena akawa Menaka, na menaka kwa lugha yao ni mafuta. Rafaralahy aliupenda utani huo. Bakoly hakuupenda, na hakusema.

Jioni ile walikula wali na mboga ya majani, wakashushia na maji yaliyochemshwa kwenye ukoko wa wali. Mwishowe Rafaralahy akasema:

"Msichana yule ana maneno."

"Ana maneno ya kweli?"

"Sijui."

"Baba Vololona, nakuuliza. Ni ya kweli?"

Rafaralahy alilizungusha bakuli mkononi. "Mara ya kwanza alipompandisha," alisema, "nilipomshika kiunoni nilisema moyoni, huyu amezidi hata kwa maksai. Nilisema hivyo moyoni. Halafu nikaenda kumwongezea viazi."

"Kwa nini?"

"Watu walikuwa wanapita wakimsifu."

Bakoly akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na alipomaliza kukohoa alifuta macho. Hakuwa na hasira ya kuvunja kitu. Alikuwa ameishi na mtu huyu muda mrefu, akimjua kwamba hana ubaya, ana sifa tu. Lakini alikuwa amechoka na moshi, na alimwambia hivyo, waziwazi, kwamba amechoka.

Ndipo mlango ukagongwa, akaingia Ratsimba.

Ratsimba alikuwa kaka mkubwa wa Bakoly na kichwa cha ukoo wao. Alivaa kofia ya sufu ambayo hakuivua hata mezani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimamia kaburi lenye watu wengi ndani.

"Nimetoka kwa mnajimu," alisema akikaa. "Siku imepatikana. Mwishoni mwa baridi, kabla mashamba hayajalimwa. Baba na mama na bibi wote tutawatoa, tuwavishe upya. Shemeji, shimo lako lina nini?"

Alijua lina nini. Kila karamu ya ukoo ule, nyama ilitoka kwenye shimo la Rafaralahy. Ndiyo ilikuwa heshima yake kwa wakwe, na ndiyo iliyofanya wakwe wasahau kwamba alioa bila kuwa na shamba la maana. Ila mwaka huu shimo lilikuwa na Mena tu, na hela ya kununua maksai mwingine hakuwa nayo.

"Lina ng'ombe wa dada yako," alisema Rafaralahy.

"Nimesikia habari zake njia nzima. Mtamba tasa. Mungu anawapenda wazee wetu, amewanenepeshea mwenyewe."

"Si tasa," alisema Bakoly.

"Dada yangu, kama hashiki ni nini? Uzazi hana, nyama anayo. Vololona ataelewa, hawa ni babu zake." Akamgeukia Rafaralahy. "Au mwaka huu wageni wa ukoo wetu wale maharage, shemeji?"

Rafaralahy alihisi macho ya mkewe shavuni. Alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari. Lakini alikuwa mtu ambaye hajawahi kumkatalia shemeji mbele ya sahani, kwa hiyo likatoka neno jingine, la katikati, ambalo halikumfurahisha mtu.

"Tufanye hivi," alisema. "Tumpe nafasi moja zaidi. Mpaka siku ya karamu akiwa na mimba ambayo mpandishaji ameishika kwa mkono wake humo ndani, ni wa maziwa. Ikiwa haijashikwa, ni wako."

"Nimesikia," alisema Ratsimba. "Na dada amesikia."

Bakoly aliondoa sahani bila kuwatazama wote wawili.

*

Kutoka shimoni Mena alitoka kwa mawe matatu kung'olewa. Hakuna aliyehesabu kwa sauti.

Basi ikaanza kazi ambayo Rafaralahy hakuwahi kuiota, ya kumkondesha ng'ombe hadharani. Kila asubuhi alimfunga kamba, akapanda naye njia ya mlimani kupita mashamba ya mpunga ya ngazi ngazi, wote wawili wakihema, kwa sababu tumbo la mzee nalo halikuwa dogo. Wanawake waliokuwa wakifua mtoni waliinua vichwa.

"Mzee Rafaralahy, mnahama?"

"Tunatembea."

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Kurudi."

Wakacheka mpaka nguo ikamponyoka mmoja ikaelea. Siku ya pili walimuuliza kama ng'ombe ndiye anayemtembeza. Siku zilizofuata waliacha utani, na hapo ndipo palipouma. Mena alianza kupungua. Kiuno kikaonekana. Ngozi iliyokuwa ikimeta ikawa ya kawaida. Mchinjaji mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alisimamisha baiskeli, akamtazama ng'ombe, akamtazama mzee, akauliza kwa sauti ya chini, ile ya msibani:

"Mzee wangu, nyumbani mnakula?"

"Tunakula."

"Kama kuna shida usifiche. Mimi ni mtu wako."

Rafaralahy alitaka kumweleza habari za homoni na yai, akafungua mdomo, akaona itachukua asubuhi nzima na bado hataaminika. Akashukuru, akaendelea kupanda mlima. Alijisikia kama fundi cherehani aliyelazimishwa kutoka na suruali iliyochanika.

Na sasa niseme jambo ambalo yeye mwenyewe asingependa lisemwe. Mena alikuwa na tabia ya kumtazama. Kila jioni saa ya makopa, alikuwa akigeuza kichwa kuelekea mlangoni, akalamba pua, akasubiri. Majani yalikuwa mbele yake, hakuyagusa. Alimsubiri mtu wake. Rafaralahy alivumilia wiki ya kwanza. Ya pili akaanza kuketi upande mwingine wa nyumba. Ya tatu, Bakoly alitoka nje kumwaga maji, akamkuta mumewe amesimama zizini na shuka imemfunika mpaka kidevuni ingawa jua halijazama, na shuka ile ilikuwa inatafuna.

"Baba Vololona."

"Ee."

"Una nini humo ndani?"

"Baridi."

Mena akatoa pua yake ndani ya shuka, unga wa makopa umemjaa mdomoni, akamtazama Bakoly bila aibu.

Bakoly aliiweka ndoo chini. "Tangu lini?"

"Leo tu."

"Baba Vololona."

"Tangu juzi. Tangu Jumatatu. Sio mengi, Mama Vololona, ya mkono tu. Ananitazama. Wewe hujui anavyonitazama. Nimelisha ng'ombe maisha yangu yote, hakuna aliyenililia kwa njaa. Mikono hii haijui kazi nyingine."

Bakoly, aliyekuwa amejiandaa kumtukana, akakosa tusi. Alikaa kwenye jiwe, akamvuta naye akae.

"Sikiliza," alisema. "Mimi kila alfajiri nikiinamia moshi, naambia macho yangu, vumilieni, kuna ng'ombe. Ukimpa makopa humpi yeye. Unayatoa kwangu. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Sitaki uitikie tu kama unavyomwitikia kaka yangu. Nataka uelewe."

Rafaralahy alitoa vipande vilivyobaki ndani ya shuka, akavimimina kwenye mapaja ya mkewe, mpaka vumbi la mwisho. Kuanzia siku ile ufunguo wa ghala ukakaa shingoni mwa Bakoly, na jioni saa ya makopa mzee alitumwa dukani, hata kama hakuna cha kununua.

*

Saholy alikuja tena baridi ikiwa imekolea, umande umeganda kwenye majani. Alisimama mbali, akahesabu mbavu mbili za mwisho kwa kidole hewani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Safari hii kupima kulikuwa kwa haraka.

"Kifuko hiki hapa," alisema, mkono ukiwa ndani. "Kimejitokeza chenyewe, sikukitafuta. Na kuna yai, liko tayari kabisa. Babu, umefanya kazi."

"Mimi sikufanya kitu. Nimemnyima tu."

"Hiyo ndiyo kazi. Leo napandisha."

Alipandisha. Akawaambia wasubiri, na kwamba mimba haiwezi kushikwa kwa mkono kabla haijakomaa kidogo. Atarudi mvua za kwanza zikinyesha.

"Mvua za kwanza?" alisema Bakoly. "Karamu ni kabla ya mvua."

"Mama, naweza kuingiza mkono mapema, nitadanganya tu. Au nitaiharibu."

Wakatazamana, mume na mke.

Joto halikurudi mwezi ule. Wala uliofuata. Bakoly alianza kuimba jikoni kwa sauti ndogo, akikohoa katikati. Rafaralahy alikwenda kwa Ratsimba na kofia mkononi, akamweleza kwamba joto halijarudi, kwamba hiyo ni dalili nzuri, kwamba subira ya wiki chache tu ndiyo anayoomba.

"Shemeji," alisema Ratsimba, "mnajimu hatoi siku ya akiba. Ulisema imeshikwa kwa mkono. Imeshikwa?"

"Bado."

"Basi. Sikukulazimisha maneno, uliyasema mwenyewe, mezani pako, si kwa wali wangu. Nitakuja kumchukua mapema, apumzike kabla ya kuchinjwa."

Rafaralahy alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili asikutane na mtu. Alimkuta Bakoly anachambua mchele. Alimwambia. Bakoly aliendelea kuchambua, akaokota jiwe moja dogo, akalitupa, akaokota jingine.

"Ng'ombe ni wangu," alisema mwishowe, "mdomo ukawa wako."

Usiku ule Rafaralahy hakulala. Kwa mara ya kwanza alijiona jinsi alivyo: mtu anayegawa vya mkewe ili asifiwe na ndugu za mkewe.

*

Ratsimba alikuja asubuhi ya ukungu, na kamba mpya begani. Hakuja peke yake. Alikuja na wapwa, binamu, na wale wa ukutani ambao hawakosi jambo. Rafaralahy alisimama mlangoni mwa zizi. Alikuwa amejitayarishia hotuba. Alikuwa ameamua, potelea mbali, leo atamkatalia shemeji mbele ya watu, na kama ni kutengwa na ukoo atengwe.

"Shemeji Ratsimba," alianza, "nimekuita hapa..."

"Hukuniita, nimekuja. Mlete."

"Kabla sijamleta nina neno."

"Neno baadaye, ukungu una baridi. Nyie, mtoeni."

Wapwa wawili wakampita mzee, wakafungua zizi, wakamtoa Mena.

Ratsimba alikuwa hajamwona mtamba huyu tangu jioni ile ya wali na mboga za majani. Kichwani mwake alikuwa na Menaka, yule wa mawe matatu. Alichoona kikitoka kwenye ukungu kilikuwa ng'ombe mwekundu wa kawaida, mwepesi, mwenye nyonga zinazoonekana na mbavu mbili za mwisho zimechorwa wazi, anayetembea upesi upesi kwa sababu alidhani anakwenda mlimani.

"Huyu ni nani?" aliuliza Ratsimba.

"Mena," alisema Bakoly kutoka mlango wa jikoni.

Ratsimba akamzunguka. Akamshika ngozi ya begani, ikateleza vidoleni. Akamminya mkiani. Akavua kofia, jambo ambalo watu walilikumbuka kwa miaka, akairudisha.

"Rafaralahy," alisema, na neno shemeji lilikuwa limekufa hapo hapo. "Nilikuachia ng'ombe. Umenipa kapu la mbavu."

Kicheko kikapita ukutani.

"Hii ndiyo nyama ya baba yangu? Niwaite watu kutoka vijiji vyote, niwatoe wazee wangu wapate jua, halafu niwape hii? Wali wa mifupa mingi? Baba yako alikuwa bwana wa shimo. Wewe umekuwa nini? Ng'ombe wa watu anakufa njaa mlangoni pako, na wewe mwenyewe una tumbo. Unakula chakula chake?"

Katika maisha ya Rafaralahy hapakuwa na tusi kubwa kuliko hilo. Watu ukutani waliacha kucheka. Mtu mmoja alijikuna shingo akitazama chini. Mwaka uliopita, kwa nusu ya maneno hayo, Rafaralahy angerusha ngumi. Hata sasa damu ilimpanda, mdomo ukafunguka, na yote yakawa tayari kutoka, homoni, yai, mlima, makopa ndani ya shuka, na kwamba huyu ng'ombe amekonda kwa makusudi na kwa mkono wa bingwa. Angejitetea, na angeaminika labda. Na Ratsimba akiamini, angesema haya basi, mlisheni wiki mbili tumchukue.

Alimtazama mkewe. Bakoly alikuwa ameishika nguzo ya mlango kwa mikono miwili, na macho yale mekundu yalikuwa yakimwomba kitu kimoja.

Rafaralahy akafunga mdomo. Akainamisha kichwa.

"Mzee Ratsimba," alisema, "unisamehe. Mambo yamenishinda."

"Nimeona."

"Sina cha kusema."

"Mzee Mifupa," alisema Ratsimba kwa huzuni ya kweli, akaitupa kamba begani. "Twendeni. Nitanunua maksai kwa watu wanaojua ng'ombe."

Waliondoka, ukuta mzima ukawafuata, maana habari ilikuwa nzito na ilitaka kupelekwa. Rafaralahy alibaki ameinamisha kichwa mpaka nyayo zikapotea. Bakoly alimkaribia, akijua amevunjika, akitafuta neno la kumpa. Alipomwinua kidevu alikuta anatetemeka kwa kicheko, machozi yanamtoka, meno yote machache yako nje.

"Amemkataa," alisema. "Mama Vololona, amemkataa. Umesikia alivyonitukana?"

"Nimesikia."

"Vizuri kabisa. Sijawahi kutukanwa vizuri hivyo."

Akaketi chini kwenye matope, akicheka, na Bakoly akaketi karibu naye na kumwegemea. Hakuwa amemwegemea tangu siku ya mchele.

*

Karamu ilifanyika. Tarumbeta zilipigwa, wazee walivishwa sanda mpya na kuchezwa mabegani, na maksai wa kununuliwa alikuwa na mafuta ya kutosha. Rafaralahy aliwekwa mwisho wa mkeka, na aliyegawa nyama alimpa kipande cha shingo, huku akisema kwa sauti kwamba mifupa ndiyo anayoizoea. Alikila chote. Akaomba kingine.

Mvua za kwanza ziliponyesha, pikipiki ya Saholy ikapanda ikiteleza kwenye udongo mwekundu. Aliingiza mkono, akafumba macho. Bakoly alikuwa ameshika pembe za Mena, paji la uso limegusana na lake. Rafaralahy alikuwa amegeukia ukuta, hawezi kutazama. Ukutani hapakuwa na mtu, kwa sababu kwa Mzee Mifupa siku hizi hakukuwa na cha kutazama.

"Ipo," alisema Saholy.

"Una hakika?" aliuliza Bakoly.

"Naigusa, mama. Imekaa vizuri."

Bakoly hakupiga kelele. Alilia pale pale kwenye paji la ng'ombe, kwa utulivu, na safari hii wekundu wa macho haukuwa wa moshi. Rafaralahy akatoka nje ya ua, akasimama barabarani kwenye manyunyu ili apate pumzi.

Mchinjaji wa baiskeli alikuwa anapita, mfuko wa nailoni kichwani dhidi ya mvua. Alipomwona alipunguza mwendo na kupaza sauti, kama walivyofanya wote siku hizo:

"Mzee Mifupa."

"Naam," alisema Rafaralahy.

"Vipi yule ng'ombe wako, bado yu hai?"

"Si wangu," alisema Rafaralahy. "Ni wa mke wangu. Ana mimba."